Chumba cha kuanzia: maswali kuhusu kumlipia pango ndugu anayetoka wodi ya magonjwa ya akili, Moshi

Maswali haya yamekusanywa kwenye benchi la kliniki, kwenye daladala za kurudi Kibosho na Uru, na kwenye simu za usiku. Sisi ni familia chache za Moshi ambazo kila moja ina mtu wake anayeugua. Tunachanga kila mwezi ili anayeruhusiwa wodini apate chumba cha kuanzia. Mimi niliingia kwa sababu ya mdogo wangu wa kiume. Penye desturi yetu nimesema ni desturi yetu, na penye sheria nimesema ni sheria.

## Mambo ya msingi

Msaada wa pango la muda ni kitu gani hasa?

Ni kumlipia mtu kodi ya chumba kwa muda unaojulikana, kuanzia siku anayotoka wodini mpaka atakapoweza kulipa mwenyewe, kuhamia kwa ndugu kwa hiari yake, au kupata makazi ya kudumu. Sisi tunaanza na miezi sita. Pesa inakwenda kwa mwenye nyumba, chumba kinaandikwa jina la mgonjwa, na ufunguo anakaa nao yeye.

Hilo la ufunguo ndilo linalozishinda familia nyingi. Watu wanakubali kulipa, halafu wanataka kufunga kwa nje. Mdogo wangu alipokabidhiwa chumba chake Njoro, aliingia, akafunga, akafungua, akafunga tena. Tulisimama uani na mama tukisikia kitasa kikilia mara nne, mara tano. Alikuwa amekaa miaka miwili mahali ambapo mlango hufungwa na mtu mwingine. Mama alitaka kumwita atoke. Nikamshika mkono.

Ni ugonjwa gani unaohesabika kuwa mzito?

Hatuangalii jina la ugonjwa peke yake. Wengi wetu tuna watu wenye skizofrenia (kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) au baipola (hali ya moyo kupanda na kushuka kupita kiasi), wengine sonona kali iliyofika mahali pa kusikia sauti. Tunachouliza ni hiki: je, ugonjwa umemwondoa mtu kazini, kwenye ndoa au kwenye nyumba aliyokuwa akiishi? Kama jibu ni ndiyo, msaada huu unamhusu. Mwenye kifafa asome pia swali lake kwenye hali za pekee.

Serikali inalipa pango la namna hii?

Hapana. Hakuna mfuko wa serikali unaomlipia mgonjwa wa akili kodi ya chumba, na anayekuambia utoe pesa ya fomu ili uingizwe kwenye mfuko huo ni tapeli.

Vipo vitu vingine vinavyopunguza mzigo mpaka pesa ya pango ikaonekana. Sera ya msamaha kwenye hospitali za umma inataja magonjwa ya akili miongoni mwa magonjwa sugu, kwa hiyo ulizia dirisha la ustawi wa jamii kabla ya kulipa. Dawa zikikosekana dirishani mtaandikiwa mkanunue nje, basi wekeni akiba. TASAF hutoa ruzuku kwa kaya maskini zilizoandikishwa. Ni ya kaya, hailengi pango, lakini kama mgonjwa hayumo kwenye orodha ya kaya yenu, uliza kwa mtendaji kwa nini. Aliyewahi kuajiriwa akachangia NSSF aulizie pensheni ya ulemavu. Na katika asilimia 10 ya mapato ya ndani ambayo halmashauri hutenga kwa mikopo ya vikundi, asilimia 2 ni ya watu wenye ulemavu.

Wengi hushangaa kusikia neno ulemavu. Sheria ya Watu wenye Ulemavu ya mwaka 2010 haiishii kwenye miguu na macho. Inataja pia sababu za kiakili zinazomzuia mtu kushiriki maisha ya kawaida kama wenzake.

Wazo hili limetoka wapi?

Kumtafutia mtu wake mahali pa kukaa ni jambo la siku zote. Kulifanya kwa mpango, na chumba kikatangulia kabla ya masharti mengine, ni kazi iliyojulikana sana New York tangu mwaka 1992, pale mwanasaikolojia Sam Tsemberis alipoanza kuwapangishia vyumba watu wenye ugonjwa wa akili waliokuwa wakilala barabarani, bila kuwataka kwanza wathibitishe kuwa wameacha pombe au wanameza dawa. Kanada ilijaribu njia hiyo kwa watu zaidi ya 2,000 katika miji 5. Katika miezi sita ya mwisho ya utafiti, asilimia 62 ya waliopewa nyumba kwanza walikuwa kwenye makazi muda wote, na kwa waliopata huduma za kawaida ilikuwa asilimia 31.

Huko kuna ruzuku ya serikali, na mpangaji kwa kawaida huchangia kama asilimia 30 ya kipato chake. Sisi tuna mchango wa kila mwezi na daftari. Tulichochukua kwao ni mpangilio: chumba kwanza, mengine yafuate.

Kwa nini asirudi tu nyumbani, kihambani, kwenye shamba la ukoo?

Hili ndilo swali la kwanza la kila mjomba kwenye kila kikao. Jibu ni kwamba wengine warudi, na wakirudi vizuri ni heri kuliko chumba cha kupanga. Migomba ipo, chakula kipo, mama yupo.

Lakini tazameni kinachotokea mara nyingi. Nyumba ya wazazi ameachiwa kitinda mimba, naye ana mke na watoto. Mgonjwa anapewa kibanda cha nyuma, karibu na zizi. Kijiji kizima kinakumbuka siku aliyovua nguo njiani. Akicheka peke yake, watu wanatazamana. Akikasirika kama anavyokasirika mtu yeyote aliyelishwa ndizi baridi, wanasema "imeanza tena" na kamba inatafutwa. Halafu kuna kihamba chenyewe: tumeona zaidi ya familia moja ikigawana sehemu ya mgonjwa wakati yuko wodini, kwa maneno kwamba "yule hawezi kulima". Kumrudisha mtu mahali ambapo ndugu zake wanaogopa akipona atadai ardhi si kumrudisha nyumbani.

Jambo la pili ni umbali. Kutoka juu kule mpaka kliniki ya hospitali ya Mawenzi ni nauli ya kwenda na kurudi, na siku ya mvua barabara zinateleza. Sindano ya kila mwezi ikikosa wiki mbili kwa sababu ya nauli, gharama yake itaonekana mwezi unaofuata.

Kwa hiyo tunamuuliza mwenyewe, akiwa ametulia, na shangazi na wajomba wakiwa wametoka chumbani. Wako waliosema "nipelekeni nyumbani." Tukawapeleka.

## Kupata chumba

Tutafute mtaa gani?

Anza na miguu. Chumba kizuri ni kile ambacho mtu anaweza kutoka na kufika kliniki bila nauli. Njoro, Kiusa na Majengo zinafaa kwa hilo. Pasua na Rau kuna vyumba vya nafuu, ila pigeni hesabu ya daladala kabla ya kufurahia bei.

Ndani ya mtaa, epuka chumba kinachopakana na kilabu cha mbege au banda la kuonyeshea mpira. Kelele za usiku zinaharibu usingizi, na usingizi ukiharibika kwa mtu wetu, vingine vyote vinafuata. Tunapendelea nyumba ya familia yenye vyumba vitatu au vinne vya uani na mama mwenye nyumba anayeshinda pale.

Mwenye nyumba aambiwe ukweli?

Tumejaribu njia zote mbili. Kuficha kulituharibia. Mwenye nyumba mmoja aligundua wiki ya tatu, kupitia pakiti ya dawa iliyotupwa jalalani, na kilichomkasirisha kuliko ugonjwa ni kudanganywa.

Siku hizi tunamuuliza mgonjwa kwanza ni kiasi gani anataka kisemwe, kwa sababu ugonjwa ni wake na siri ni yake. Akikubali, tunakwenda watu wawili, tunamwamkia mama, tunasema: "Mama, huyu ni mdogo wetu. Alilazwa, sasa ametulia, yuko kwenye dawa. Kodi tunalipa sisi. Hii namba ni yangu, ukiona jambo nipigie saa yoyote, nakuja." Maneno hayo ya mwisho ndiyo yanayofungua mlango. Wenye nyumba wengi hawaogopi ugonjwa kama wanavyoogopa kuachwa nao peke yao saa nane za usiku.

Wengine watakataa. Msibishane nao, shukuruni mwende nyumba inayofuata.

Mwenye nyumba anataka kodi ya miezi sita mkupuo. Tufanyeje?

Omba miezi mitatu, eleza kwamba mnalipa kwa simu tarehe moja kila robo na kila malipo yana ujumbe wa kuthibitisha. Familia zikiwa tatu zinazosimama nyuma ya mpangaji mmoja, wengi hukubali. Akishikilia miezi sita na chumba ni kizuri, lipeni, ila fahamuni kwamba mtu akilazwa mwezi wa pili, kurudishiwa ni majaliwa. Dalali naye hudai kodi ya mwezi mmoja. Sisi tunatafuta kupitia kwa balozi wa nyumba kumi na majirani wa kanisani na msikitini, na mara nyingi dalali hahitajiki.

Mkataba ni lazima?

Kwenye chumba cha uani watu hupeana mkono yakaisha. Msifanye hivyo. Andikeni hata ukurasa mmoja: jina la mpangaji (mgonjwa), kiasi, tarehe, nani analipa, nani apigiwe simu, na notisi ya muda gani. Shahidi awe balozi au mwenyekiti wa mtaa. Ugonjwa wa akili haumnyimi mtu haki ya kuwa na jina lake kwenye karatasi. Kama siku hiyo hajatulia kiasi cha kuelewa anachosaini, ahirisheni siku, msisaini kwa niaba yake kimyakimya.

Ndani ya chumba kuwe na nini siku ya kwanza?

Kitanda na godoro, shuka mbili, neti, ndoo mbili, sufuria, sahani, kikombe, mtungi mdogo wa gesi kama anaweza kuutumia. Jiko la mkaa lisiingie ndani kabisa: chumba ni kidogo, usiku wa Juni na Julai Moshi kuna baridi, mtu atafunga dirisha na moshi wa mkaa utamuua usingizini. Wekeni pia saa ya ukutani na kalenda yenye tarehe ya kliniki imezungushiwa wino. Dawa nyingine zinampa mtu usingizi mpaka hajui kama ni asubuhi au jioni.

## Pesa

Kwa nini hamumpi mgonjwa pesa ya kodi mkononi?

Kwa sababu mwenye nyumba akikosa kodi anayeumia ni mgonjwa, na miezi ya kwanza hatutaki jambo hilo limtegemee. Pesa ya chakula tunampa mkononi, ya siku tatu tatu mwanzoni, kisha ya wiki. Atakosea. Atanunua soksi jozi sita soko la Memorial na kubaki bila unga. Hayo ni makosa ya mtu mwenye pesa yake, na hatumfanyii kikao kwa ajili ya soksi.

Tunalipa mpaka lini?

Kwetu, miezi mitatu ya kwanza kodi yote. Tuseme chumba ni shilingi 40,000 kwa mwezi: kuanzia mwezi wa nne tunamwomba achangie hata 5,000, kisha 10,000. Ikifika miezi sita tunakaa naye. Wengine wanahitaji mwaka. Wawili tumewalipia zaidi ya hapo na hatujuti, ingawa tulisema wazi kwenye kikundi kwamba sasa hili si la muda tena, ili familia zao zijipange.

Angalizo la Desemba: mji unahama. Kila mtu anapanda Uchagani, mifuko inaisha, na Januari ni ada za shule. Kodi ya Januari ikusanywe Novemba.

Anaweza kufanya kazi gani akilipiwa pango?

Yoyote anayoiweza, na aanze kidogo. Tunaye anayepanga nyanya soko la Mbuyuni alfajiri, na mwingine anayefua makochi na mazulia. Msimlazimishe kazi mwezi wa kwanza ili "arudishe gharama".

## Dawa na kurudiwa na ugonjwa

Akiacha dawa, tunaacha kulipa kodi?

Hapana, na hapa tumegombana sana. Mzee mmoja alisema, "Nikilipa kodi lazima nione anameza." Ninamwelewa. Majaribio 65 yaliyojumlishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba ndani ya takriban mwaka mmoja, wagonjwa wa skizofrenia waliorudiwa walikuwa asilimia 27 kati ya walioendelea na dawa, na asilimia 64 kati ya walioondolewa dawa wakapewa zisizo na kitu. Dawa ni jambo kubwa mno.

Ndiyo maana hatuzifungi kwenye kodi. Ukifanya chumba kuwa kamba ya dawa, siku akiacha atakuficha, na ukijua utakuwa umempoteza kwenye dawa na kwenye chumba siku moja. Muulize kwa nini ameacha. Mara nyingi ana sababu: haloperidol inamkaza shingo na kumfanya atembee kama ubao, olanzapine inamnenepesha, kloropromazini inafanya jua limchome. Hayo yote daktari anaweza kuyafanyia kazi, kwa kupunguza dozi, kubadili dawa, kuongeza ya kulegeza misuli au kuhamia sindano ya mwezi. Msindikizeni kliniki akaseme mwenyewe.

Dalili za kurudiwa zinaanzaje?

Kila mtu ana zake, na ndugu wanazijua kuliko kitabu. Ziandikeni mgonjwa akiwa mzima, kwa maneno yake. Ya mdogo wangu ni kwamba anaacha kulala, anaanza kufagia ua wa watu wote, halafu anageuza picha ukutani. Siku ya ua tunakwenda kliniki, hatusubiri picha.

Akilazwa tena, chumba kinakuwaje?

Kinabaki chake. Tunaendelea kulipa hadi miezi miwili, tunafunga mlango na ufunguo unapelekwa wodini pamoja na nguo zake. Baada ya miezi miwili tunaamua naye.

Vipi kama ni hatari usiku huohuo?

Mpigieni mtu aliyeandikwa kwenye mkataba, ondoeni watoto, aongee naye mtu mmoja tu kwa sauti ya chini. Akitishia maisha, yake au ya mwingine, mpelekeni hospitali kwa dharura, na kama hamuwezi wenyewe ombeni msaada wa mtendaji au polisi. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2008 inaweka utaratibu wa mtu kupelekwa matibabu asipokubali mwenyewe. Kumfunga kamba chumbani mpaka asubuhi si sehemu ya utaratibu huo.

## Majirani na migogoro

Majirani wanalalamika kuhusu LUKU. Hilo nalo ni ugonjwa?

Ni upangaji. Nyumba yenye mita moja ya LUKU na vyumba vinne hugombana hata kama wote ni wazima. Mpangaji wetu mmoja alikuwa anawasha taa na redio usiku kucha kwa sababu zilimsaidia dhidi ya sauti anazosikia. Majirani wakasema anakula umeme wao. Tulimnunulia redio ya betri na taa ya sola, tukaongeza mchango wake wa umeme kwa shilingi 2,000, yakaisha. Tusingeuliza kwa nini anawasha, tungemhamisha bure.

Mwenye nyumba amesema atoke leo.

Pango la mwezi kwa mwezi huvunjwa kwa notisi isiyopungua kipindi cha malipo, yaani mwezi, kwa mujibu wa Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999. Kutoa godoro nje mchana huohuo si notisi. Nendeni kwa mwenyekiti wa mtaa na mkataba na ujumbe wa malipo mkononi. Ikishindikana, Baraza la Kata ni la usuluhishi, na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya ndilo linaloamua. Wasaidizi wa kisheria wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 hawadai malipo.

Pamoja na hayo, nasema kwa uzoefu: ukishinda kesi na mama mwenye nyumba hasalimii tena, chumba hicho hakimfai mgonjwa. Daini mwezi wa notisi, muutumie kutafuta kwingine.

## Hali za pekee

Ni mwanamke mwenye mtoto mchanga.

Usimpangishie peke yake miezi ya kwanza. Tafuteni vyumba viwili vilivyo karibu na dada au mama akae kimoja. Kama anameza valproate na anaweza kushika mimba tena, ongeeni na daktari mapema, kwa sababu dawa hiyo inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Na mlango uwe na komeo la ndani lililo imara. Wanawake wetu wanavamiwa na wanaume wanaojua kwamba hawataaminiwa wakisema.

Ana kifafa.

Anastahili kama wengine. Kitanda kiwe kifupi, jiko liwe juu ya meza imara na si chini, asiogee peke yake kwenye bafu linalofungwa kwa ndani.

Anakunywa gongo au anavuta bangi.

Kodi inaendelea. Pesa ya chakula inageuka kuwa chakula chenyewe, kupitia mama ntilie tunayemlipa kwa wiki. Bangi inachochea sauti kwa wengi wao, na tunamwambia hivyo bila kuficha.

Hana ndugu wala kitambulisho cha NIDA.

Anzia kwa afisa ustawi wa jamii wa hospitali, kabla hajaruhusiwa, si baada. Yeye ndiye anayeweza kuandika barua, na kwa barua hiyo mwenyekiti wa mtaa humtambua. Kikundi kinamteulia watu wawili wa kupigiwa simu, kama ndugu.

Ametoweka. Chumba tukiachie?

Subirini mwezi. Toeni taarifa polisi siku ya kwanza, pita stendi kuu, pita Kiboriloni siku ya soko, uliza wodini. Mpangaji wetu mmoja alikaa siku kumi na tisa hatujui aliko. Alirudi usiku, miguu imepasuka, akapita kwa mama mwenye nyumba bila neno. Ufunguo alikuwa ameufunga kwa kamba ya kiatu shingoni. Akafungua, akalala.